Ndege ikishatua, hatari bado haijaisha (soma zote 8 kabla hujanitukana tena)

1/8

Wamama, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na leo sizungumzii homa wala chanjo. Leo najibu.

Kuna kivideo kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Usiku, uwanja wa ndege, nesi mwenye sare anamvuta mtoto wa kiume kwa nguvu mpaka mtoto anaanguka chini analia. Sauti ya mtu inasema, "Oneni manesi wetu wanavyotutendea." Komenti zake mmeziona. Nesi hana huruma. Nesi hajazaa huyo. Nesi afukuzwe kazi.

Nesi huyo ni mimi. Na nimezaa, wawili.

Hospitali siitaji, uwanja siutaji, familia siitaji. Ila kisa nakisimulia, kwa sababu kivideo kimeanza pale nilipomvuta mtoto. Kilichotangulia hakijaonyeshwa.

Tulikuwa na rufaa. Mtoto njiti wa siku mbili, kilo 1 na gramu 300, pumzi inamsumbua, na mashine anayoihitaji kwetu haipo. Ndege ndogo ya wagonjwa ikakubali kuja usiku kwa kuwa uwanja wa mkoa una taa. Mama yake amejifungua kwa operesheni, kutembea kwenyewe kwa shida. Kwenye gari la wagonjwa tulikuwa daktari, dereva, mimi, mama na njiti wake. Nyuma yetu bodaboda nne na bajaji moja: bibi, mashangazi, majirani, na kaka yake njiti, mtoto wa miaka minne. Pale getini hakuna aliyewauliza mnaenda wapi.

Ndege ikatua vizuri. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Alhamdulillah, imeshafika." Hapo kila mtu akaona kazi imekwisha, wakaanza kusogea, simu mikononi, tochi zinawaka.

Jamani, ndege ilikuwa haijafika. Ilikuwa bado inatembea kuja kwetu, injini inanguruma, propela inazunguka. Ikakata kona, taa yake kubwa ikatugeukia. Mtoto akaona taa, akachomoka mkononi mwa bibi, akakimbia kuifuata.

Nilimdaka kwenye kola ya shati. Sikumdaka kwa upole. Tulianguka wote wawili, goti lake likachubuka. Hilo goti ndilo mliloliona kwenye video.

2/8

Tuanze na hilo neno "imeshafika", maana ndilo linaloponza watu.

Sisi wengine ndege tunaiogopa ikiwa juu. Ikipaa tunasali, ikitua tunapiga makofi. Kumbe kwa mtu aliyesimama chini ni kinyume chake. Ikiwa juu haiwezi kukugusa. Hatari yako wewe inaanza pale magurudumu yanapogusa lami, ndege inapotoka kwenye barabara ya kurukia, inapita barabara ya kiungio, inakuja kwenye maegesho. Huo mwendo wa taratibu, unaouona kama bajaji inatafuta pa kuegesha, ndio unaokata watu.

Mbele ya hiyo "bajaji" kuna mapanga. Chukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayojulikana sana huku kwetu Afrika Mashariki kwa abiria na wagonjwa. Propela yake inaweza kufika mizunguko 1,900 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata zaidi ya mizunguko 31 kila sekunde moja. Ikiwa na mapanga matatu, basi panga linapita sehemu ileile zaidi ya mara 90 ndani ya sekunde hiyo. Ikitembea chini taratibu inapunguzwa, sawa, lakini hata ukiigawa mara mbili bado mtoto hapiti katikati.

Usiku sasa. Angalia pangaboi la sebuleni kwako. Likianza kuzunguka unayaona mapanga. Likishika kasi yanapotea, unabaki kuona dari. Hapo taa imewashwa, na dari ni nyeupe. Sasa toa taa, toa dari, weka giza nyuma yake. Unabaki na nini? Hakuna kitu. Macho yako yanakuambia hapo mbele pana njia, na miguu inayaamini macho.

3/8

Mtasema, "Lakini uwanja ulikuwa na taa." Ndiyo, na taa nazo ni sehemu ya tatizo. Hapa naongea kama nesi.

Jicho lina chembe za kuonea mwangani na chembe za kuonea gizani. Zile za gizani zinachelewa kuamka, zinahitaji karibu nusu saa kwenye giza ili zifanye kazi vizuri. Ukizimulika mara moja tu kwa mwanga mkali, unaanza upya. Mama anayenyonyesha usiku anaijua hii. Ukitazama simu gizani, ukiizima huoni hata mlango wa chumba chako mwenyewe. Sisi wa zamu ya usiku tukitoka kwenye korido yenye taa tukaingia wodi iliyozimwa, tunasimama kwanza mlangoni. Tukikimbilia ndani tunagonga kitanda.

Pale uwanjani watu zaidi ya kumi walikuwa na tochi za simu. Kila aliyemulika alijipofusha mwenyewe, akampofusha jirani yake, na baya zaidi akampofusha rubani. Kisha ndege ikageuka na taa yake kubwa ikawapiga usoni. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anaona chochote zaidi ya weupe. Halafu mtu anasema, "Mimi niliona ndege iko mbali." Hukuona ndege, dada yangu. Uliona taa. Taa moja gizani haikuambii iko umbali gani wala inakuja kwa kasi gani.

Na "sauti si utaisikia"? Utaisikia, tena sana, mpaka hutasikia kingine. Injini ikinguruma, sauti inakuja pande zote. Inakuambia ndege ipo, haikuambii panga liko hatua ngapi kutoka kwenye paji la uso wako. Na ndiyo maana unanisikia kwenye video napiga kelele kama mwendawazimu. Nilikuwa nimeshawaambia kwa upole mara mbili. Hakuna aliyesikia.

4/8

Wengine mmeandika, "Rubani naye ana macho, angesimama."

Yule rubani alinifuata baada ya kuzima injini. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Aliniambia hakumwona mtoto kabisa. Aliliona koti langu jeupe likianguka, ndipo akakanyaga breki.

Fikiria amekaa wapi. Pua ya ndege iko mbele yake na imeinuka, kile kilicho chini ya pua hakioni. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa mita moja tu. Taa ya ndege inamulika mbele moja kwa moja, haimuliki pembeni, kwa hiyo ikikata kona rubani anaingiza mapanga mahali ambapo taa ilikuwa haijafika bado. Gizani hana mti wala nyumba ya kumwonyesha kasi yake, ni rahisi kudhani anakwenda pole kuliko anavyokwenda kweli. Bado anatafuta mistari ya njano chini, anasikiliza redio, anaangalia bawa lisigonge gari letu. Na mbele yake tochi kumi zinamchoma macho.

Msimfanye mwenye roho mbaya. Alikuja usiku kwa ajili ya mtoto wa gramu 1,300 asiyemjua.

5/8

Kuna waliosema natunga, haya mambo hayatokei. Yanatokea, hata kwa watu wazima, hata kwenye nchi zenye kila kitu.

Desemba 2011, jimbo la Texas, Marekani. Binti wa miaka 23, Lauren Scruggs, mwandishi wa mambo ya mitindo, alipanda ndege ndogo usiku kwenda kuangalia taa za Krismasi kutoka juu. Safari ikaenda vizuri, ndege ikatua salama. Injini haikuzimwa kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anasubiri zamu yake ya kupanda. Binti akateremka. Rubani akanyoosha mkono kumzuia asielekee mbele. Binti akaenda mbele hata hivyo, gizani, akaingia kwenye propela. Alipoteza kiganja cha mkono wa kushoto na jicho la kushoto.

Aliishi, na baadaye akaandika kitabu. Lakini mama yake mzazi alikuwepo usiku ule. Alikuwa anamsubiri mwanae ateremke amsimulie alivyoziona taa.

Someni tena mpangilio wake. Ndege imeshatua. Safari imeisha. Watu wana furaha. Injini inawaka, giza lipo, na hatua chache tu kuelekea upande usio wenyewe. Ni yaleyale ya kwetu, tofauti yake ni kwamba kwetu aliyekimbia alikuwa na miaka minne na hakuna rubani aliyenyoosha mkono. Nilinyoosha mimi.

6/8

Na mjue kwamba giza la chini linawachanganya hata waliosomea.

Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, jioni giza limeshaingia. Ndege ndogo ya abiria ilikuwa imesimama kwenye barabara ya kurukia ikisubiri ruhusa. Mwongoza ndege akaisahau, akaruhusu Boeing 737 itue palepale. Marubani wa ile kubwa hawakuiona ndogo, taa zake zilikuwa zimechanganyika na taa za barabara. Watu wote 12 waliokuwa kwenye ndogo walikufa, na wengine wengi kwenye kubwa.

Tokyo, uwanja wa Haneda, tarehe 2 Januari 2024, saa kumi na mbili kasoro jioni, giza. Ndege ya walinzi wa pwani wa Japani ilikuwa inapeleka misaada kwa watu wa tetemeko la ardhi. Iliambiwa iende mpaka mahali pa kusubiri, na kwamba ni namba moja kwenye foleni. Ndani ya ndege wakaelewa wameruhusiwa kuingia. Wakaingia, wakasimama kwenye barabara ya kurukia kwa sekunde 40 hivi, na ndege kubwa ya abiria ikawatulia juu. Kwenye ile ya walinzi wa pwani walikuwa sita, watano wakafa. Kwenye ile kubwa watu wote 379 walitoka hai ndege ikiwa inawaka moto, wakiwemo watoto wachanga. Walitoka kwa sababu walitii, wakaacha mabegi, hakuna aliyerudi kuchukua mkoba.

Hao ni watu wenye leseni, redio, mnara wa kuongozea na taa za kila rangi. Halafu wewe mwenye kanga moja na ndala unaniambia, "Nesi niachie, naona ninakokwenda." Nikuachie?

7/8

Sasa nijibu hoja moja moja.

"Bibi ana haki ya kumuaga mjukuu wake." Anayo. Nakubaliana na ninyi kabisa, na hapa kosa ni letu. Kuaga kungefanyika wodini, kwenye mwanga, bibi amekaa kwenye kiti, amemshika njiti mkono, amesali vizuri. Sisi tulikimbizana na makaratasi ya rufaa, hatukumwita. Kwa hiyo akatafuta nafasi yake ya kuaga mahali pekee alipoipata, mbele ya propela. Nami sikuwaambia ndugu neno lolote kabla hatujaondoka. Nilidhani hawatatufuata. Hilo nalibeba, na nimeshampigia bibi nikamwomba radhi kwa hilo. Kwa kumvuta mjukuu wake siombi radhi.

"Mungu ndiye mlinzi." Amina. Na usiku ule alimlinda mtoto kwa mkono wa nesi mnayemtukana.

"Kwa nini wasizime injini mapema?" Swali zuri, ndilo la kuuliza. Mgonjwa hapandishwi mpaka injini izimwe na rubani atoe ishara, hilo tulilifuata. Lakini ndege haiwezi kuzimwa katikati ya barabara. Lazima itembee mpaka maegesho. Katikati ya kutua na kuzima kuna hizo dakika chache, na katika dakika hizo hakuna mtu anayetakiwa kuwa pale. Basi.

"Wasimamizi wa uwanja walikuwa wapi?" Hapo sasa ndipo hasira zenu zielekee. Bodaboda nne na bajaji zinapitaje getini usiku mpaka maegesho ya ndege? Mchana wanapita mbuzi na watoto wa shule wanakata njia, watu wamezoea, na usiku wanadhani ni palepale. Geti lenye mlinzi na uzio usio na matundu vinaokoa watoto kuliko kivideo chochote. Mwenyekiti wa mtaa yupo, diwani yupo, mbunge akija anapiga picha na ndege. Muulizeni kuhusu uzio. Muulizeni na hospitali yenu kama kuna mtu maalumu wa kuwakusanya ndugu na kuwaeleza kabla ya rufaa ya ndege. Kwetu hakuwepo. Tangu juzi yupo, nimelisemea kwenye kikao mpaka wakachoka na mimi.

Lakini wewe uliyerekodi, kaka yangu, na wewe nakuuliza. Ulikuwa karibu na yule mtoto kuliko mimi. Ulimwona akichomoka. Mkono wako mmoja ulikuwa na simu. Wa pili ulikuwa unafanya nini?

8/8

Haya, ya kushika. Weka kwenye simu yako, mtumie na mama mkwe.

Moja. Aga wodini. Omba nafasi hiyo, ni haki yako. Nesi akisahau mkumbushe.

Mbili. Uwanjani aende ndugu mmoja tu, yule anayesafiri na mgonjwa. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Kama hakuna wa kumwachia, mtoto anabaki ndani ya gari, milango imefungwa, na mtu mzima yuko naye.

Tatu. Taa nyekundu inayowaka na kuzima juu au chini ya ndege maana yake injini inafanya kazi au inakaribia kuwashwa. Ikiwaka, wewe husogei.

Nne. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, ndege imekuelekea wewe. Mshike mtoto, ondoka njiani.

Tano. Zima tochi, zima mwanga wa kamera. Unampofusha anayeendesha.

Sita. Funga kanga, kitenge na mtandio vizuri, vua kofia. Upepo wa propela unapeperusha nguo, na mtu huifuata nguo yake bila kufikiri. Nguo ikienda, iache iende.

Saba. Mlango wa ndege nyingi za wagonjwa uko nyuma ya bawa, upande wa kushoto. Usipite mbele hata kama ni karibu zaidi. Subiri uitwe, mfuate aliyekuita. Helikopta ni tofauti, ile ina panga dogo mkiani, huko nyuma ndiko hakusogelewi. Usibahatishe, subiri mhudumu.

Nane. Propela iliyosimama nayo usiiguse, usiegemee, usimpigie mtoto picha ameishika. Kwenye injini za pistoni, ukiisukuma kidogo tu kwa mkono inaweza kushtuka ikazunguka.

Tisa. Nesi au mhudumu wa uwanja akisema simama, simama kwanza. Maswali baadaye, matusi baadaye. Nitayapokea yote ukiwa na mikono miwili.

Njiti anapumua mwenyewe tangu jana, na ameongeza gramu. Mama yake anaendelea vizuri na mshono. Kaka mtu goti limeshakauka, bibi anasema anawaonyesha wenzake kidonda na kuwaambia alipigana na ndege.

Kile kivideo endeleeni kukisambaza mkitaka. Ila mkikisambaza, ambatanisheni na hizi tisa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye matunzo ya kangaruu kwa watoto njiti, niliwaahidi. Sasa naenda kulala.